Sam Anafagia: Upweke na Tamaa Isiyojibiwa katika The Flick

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya waigizaji, waongozaji na mafundi wa jukwaa. Tunayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wakubwa shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Na nyinyi mafundi wa taa mliojibanza kule nyuma, sogeeni mbele, maana leo maneno mengi ni yenu.

Nianze na swali. Mtu anampenda mwenzake. Mwenzake hana habari, au anayo na anajifanya hana. Anayependa hathubutu kusema. Utamwonyeshaje jukwaani? Wengi wetu tunajua jibu la haraka: atashika kifua, atashusha pumzi, atamkodolea macho binti wa watu mpaka safu ya mwisho ielewe. Na itaelewa, tena ndani ya dakika mbili. Sasa niambieni, saa tatu zilizobaki mtazijaza na nini?

Saa tatu, ndiyo, hamkusikia vibaya. The Flick, tamthilia ya Mmarekani Annie Baker, inapita saa tatu ukihesabu na mapumziko. Ilifunguliwa New York mwaka 2013 katika ukumbi wa Playwrights Horizons, ikiongozwa na Sam Gold, na mwaka 2014 ikapewa Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia. Muda wote huo hakuna anayeuawa wala anayeolewa mbele yetu. Watu wanafagia.

Mahali ni jumba la sinema lililochakaa katika kaunti ya Worcester, jimbo la Massachusetts, majira ya joto ya 2012. Skrini moja, na projekta ya filamu za milimita 35 katika siku ambazo wengine wote wanahamia dijitali. Sam ana miaka 35. Anafagia na kuchana tiketi. Avery ana 20, kijana mweusi, mtoto wa profesa, anazijua filamu kuliko anavyowajua watu. Rose ana 24, nywele kazitia rangi ya kijani, na ndiye anayeendesha projekta. Sam anampenda Rose. Rose, kwa usiku mmoja walau, anamtamani Avery. Avery anazipenda filamu. Mnauona mnyororo? Kila mmoja anamtazama aliyempa kisogo.

Mnyororo huo haukutoka hewani. Mwaka 2012 Baker alikuwa ameiandika upya Uncle Vanya, tamthilia ya Mrusi Chekhov, kwa ajili ya Soho Rep, ukumbi wa New York, na aliyeiongoza ni huyohuyo Sam Gold. Humo Sonya anampenda daktari Astrov, Astrov anamtaka Yelena, na Yelena ni mke wa profesa mzee anayelalamikia miguu. Lakini watu wa Chekhov wana nafasi ya kunywa chai na kulia. Wa Baker wako zamu. Wana saa ya kuingia, wana saa ya kutoka, na katikati kuna bisi zimemwagika sakafuni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kazi. Mwigizaji haigizi upweke, anaigiza kazi, na upweke unaonekana wenyewe kwenye nyufa za kazi hiyo.

Kila filamu inapokwisha, Sam na Avery wanaingia na fagio na vizoleo vya mpini mrefu, wanapita safu kwa safu. Siku ya kwanza Sam anamfundisha Avery kazi hiyo, na kwa kuwa ni kazi isiyohitaji mafundisho, somo lenyewe ndilo linalotuambia Sam ni nani: mtu wa miaka 35 mwenye ujuzi mmoja tu wa kumrithisha mwenzake. Mwigizaji akiufanyia mzaha ufagio, mzaha huo unamrudia Sam, na hatutamsikiliza tena atakapotaka kusikilizwa.

Ufagio wa kuigiza hujulikana. Unapapasa sakafu, hauokoti kitu. Basi mwageni bisi za kweli. Zikaangeni bila mafuta mengi na bila chumvi, kwa sababu mafuta hufanya sakafu iteleze. Zihifadhini kwenye debe lenye mfuniko, kwani bisi zilizolala wazi hunywea unyevu na haziliki wala hazilii chini ya kiatu, na huo mlio tunauhitaji. Kama lita mbili kwa kila tukio la kufagia zinatosha. Gaweni mafungu mapema, fungu moja kwa kila tukio, ili aliye gizani asihesabu kwa kukisia. Ongezeni vikombe vya karatasi, mirija, na kitu kimoja chenye kunata ambacho hakitoki kwa pigo la kwanza. Wamwagaji wawe wawili, kila mmoja na upande wake, na wamalize wakati giza la kati ya matukio halijaisha.

Na hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifanyi: kila usiku wabadilishe mahali. Mwigizaji anayejua kwamba kikombe kiko chini ya kiti cha nne hatakitafuta. Atajifanya anatafuta. Asiyejua, macho yake yako sakafuni kwelikweli, na mtu mwenye macho sakafuni anaposema neno linalomuuma, tunamwamini.

Kosa kubwa zaidi ni lipi? Ni kusimamisha ufagio penye maneno mazito. Mwigizaji anafagia vizuri, kisha anafika kwenye sentensi anayoipenda, anasimama, anaegemea mpini, anatazama mbali. Watazamaji wanajua: hotuba imefika. Fagieni! Semeni huku mnafagia. Sam anazungumza juu ya ndugu yake, anafagia. Sam anauliza habari za Rose kana kwamba hazimhusu, anafagia. Ufagio usimame pale tu skripti inapousimamisha, na meneja wa jukwaa aandike kwenye nakala yake: tukio hili, safu ya tatu, neno fulani. Mkiuweka akiba namna hiyo, siku ufagio wa Sam utakaposimama ukumbi mzima utageuka.

Chukueni kisa cha projekta. Sam ni wa zamani kuliko wenzake, lakini kazi ya projekta amepewa Rose. Sam amelimeza. Kisha Rose anamfundisha Avery kuiendesha, Avery aliyekuja juzi. Sam anaumia. Anasema nini? Hasemi "mbona yeye na si mimi" katika mapenzi. Analalamikia utaratibu wa kazi, nani alistahili kufundishwa kwanza. Mwigizaji mwenye haraka atatia wivu wa mapenzi katika kila neno. Asitie. Agombee zamu, agombee haki ya mfanyakazi, kwa hasira ya mtu ambaye kweli alitaka kujifunza mashine ile. Mapenzi tutayaweka sisi tuliokaa.

Jambo la pili ni kimya, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maonyesho mengi yanapokufa.

Kimya cha Baker kina kipimo. Katika The Aliens, tamthilia yake ya 2010 kuhusu vijana wanaokaa nyuma ya mkahawa huko Vermont, aliwaachia waigizaji maelezo mwanzoni: walau theluthi moja ya mchezo, pengine nusu, ni kimya, kituo kisipungue sekunde tatu, kimya kiende sekunde tano hadi kumi, na kile alichokiandika kuwa kirefu kizidi hapo. Chukueni kipimo hicho hata mnapoanza mazoezi ya The Flick. Sekunde kumi, wenzangu. Tuzihesabu pamoja hapa, bila mtu kukohoa.

Mmeona? Kwenye ya nne mtu alicheka. Kwenye ya saba mwingine alitazama simu. Hivyo ndivyo itakavyokuwa ukumbini, na msiogope.

Sekunde tano za mwigizaji mwenye hofu ni mbili. Hili halirekebishwi kwa kumwambia "tulia". Mpeni meneja wa jukwaa saa yenye mshale wa sekunde, anyamaze, aandike kila kimya kilidumu muda gani kwa kweli, na mwisho wa mazoezi asome orodha bila maoni. Kwa siku kadhaa namba zitawaaibisha, halafu zitapanda. Zikishapanda, acheni saa, kwa sababu kosa la pili linawasubiri: mwigizaji anayehesabu kichwani. Macho yake hufa, midomo hutikisika kidogo. Kila kimya kiwe na shughuli ya ndani inayoweza kutajwa kwa kitenzi. Sam anatafuta sababu ya kutaja jina la Rose. Avery anaamua kama swali lile lilikuwa la kejeli. Rose anangoja aombwe radhi. Kama mwigizaji hawezi kukupa kitenzi, kimya hicho ni tupu na watazamaji watakisikia kuwa tupu.

Kuna tukio la Avery peke yake ukumbini, anazungumza kwa simu na mtaalamu anayemtibu msongo wa mawazo. Anasimulia ndoto: amekufa, na filamu zote alizowahi kutazama zimepangwa kwenye rafu, anazipitisha moja baada ya nyingine kwenye kifaa cha kusoma alama ili ijulikane ni ipi itamfungulia mlango wa mbinguni. Zile kubwa, zile za heshima, kimya. Kifaa kinalia kwenye kichekesho ambacho hata yeye hakukiheshimu. Watu hucheka, na wacheke. Lakini tukio hili lina mtego: upande wa pili wa simu hatuusikii, na mwigizaji akiachwa hivihivi atakuwa anasimama kidogo na kusema "ndiyo" bila kusikia kitu. Dawa yake ni rahisi. Andikeni maneno ya mtaalamu, yote, kwa Kiswahili cha kawaida. Mtu ayasome kwa sauti wakati wa mazoezi, akae nyuma ya pazia. Msomaji abadilishe mwendo wake kila siku, leo polepole, kesho haraka. Wiki ya mwisho mwondoeni. Vituo vitabaki na umbo la mtu aliyekuwepo.

Na watazamaji wetu? Nasikia swali hilo kabla halijaulizwa. Sisi watazamaji wetu hujibu. Sam akinyamaza mbele ya Rose, kuna mama safu ya pili atasema, "Sema basi, baba!" Vizuri. Hiyo si fujo, ni ushahidi kwamba amejua Sam anataka kusema nini, na Sam hajasema lolote. Mwigizaji asiharakishe, asitabasamu, asimtupie mama yule jicho. Aendelee kutafuta neno. Ukumbi utarudi wenyewe.

Jambo la tatu: nani anatazama wapi.

Katika jukwaa la The Flick viti vya sinema vinatutazama sisi. Mahali pa skrini ndipo tulipokaa. Juu kabisa, nyuma, kuna dirisha la chumba cha projekta, na Rose anaonekana humo nyuma ya kioo bila kusikika. Fikirieni maana yake kwa Sam. Anayempenda yuko juu, ndani ya kioo, na kila akiinua kichwa anaonekana ameinua. Hahitaji kushusha pumzi hata mara moja. Inueni kichwa, rudisheni kichwa, fagieni.

Mafundi, haya ni yenu. Viti vikipangwa sakafu tambarare, mwigizaji akiinama hupotea. Inueni kila safu kwa sentimita 15 hadi 20 juu ya iliyo mbele yake. Mwanga wa projekta unakuja upande wa watazamaji, kwa hiyo ulengeni juu ya vichwa vya safu ya mwisho, la sivyo mtawapofusha. Moshi mwembamba wa jukwaani unahitajika ili mwali uonekane, lakini mwembamba kweli, mtu asikohoe. Mwanga unapepesa, bandikeni tangazo mlangoni kwa ajili ya wenye kifafa.

Matukio mawili yanategemea mpango huu. Katika la kwanza Rose na Avery wamebaki wawili baada ya kazi, Rose amewasha filamu, wamekaa viti vya jirani wakitazama mbele, yaani wakitutazama sisi. Rose anampelekea mkono. Avery anakauka. Hamsukumi, hamsogelei. Anaendelea kutazama filamu. Tukio hili lifanyiwe mazoezi hatua kwa hatua, kama mapigano ya panga: mkono unatoka wapi, unafika wapi, unakaa sekunde ngapi, na wote wawili wamekubaliana kabla kwa maneno, mbele ya mtu wa tatu. Asishtukizwe mtu eti ili uso wake uwe wa kweli. Avery asiigize karaha. Akiigiza karaha Rose anakuwa mtu mbaya na mchezo unageuka kesi. Rose naye asiigize utongozaji wa filamu. Ni msichana wa miaka 24 anayejaribu kitu saa ya usiku na kuona kimekataa. Tamaa isiyojibiwa haina upande wa wema na upande wa ubaya hapa. Sam anaumizwa na Rose, Rose anaaibika mbele ya Avery, na hakuna aliyefanya kosa.

La pili ni Sam kumwambia Rose ukweli. Hatimaye anasema, na anasema bila kumtazama. Waongozaji wengi hapa mkono huwawasha. Wanataka kuwageuza watazamane, kwa sababu mapenzi, wanadhani, ni macho kwa macho. Msiwageuze! Mwekeni Sam atazame mbele, Rose awe nyuma yake safu tatu au nne. Rose anasikia maungamo kutoka kwa kisogo. Sam hajui uso wa Rose unafanya nini. Ni sisi peke yetu, tuliokaa mahali pa skrini, tunaoziona nyuso zote mbili kwa pamoja, na hatuwezi kumwambia yeyote. Mwanga wenu uwape nyuso zote mbili uzito sawa. Nimeona picha za maonyesho ambayo Rose kaachwa gizani. Hapo mmepoteza nusu ya tukio.

Nitapita haraka kwenye hadithi ya fedha, ingawa ndiyo inayosukuma mwisho. Wafanyakazi wana mila ya kuuza tena tiketi zilizokwisha chanwa na kugawana kidogo kidogo. Avery anasita, kisha anaingia. Jumba linauzwa, mwenye mali mpya anagundua, na lawama zinamwangukia Avery. Anawaomba wenzake waseme kwamba walikuwa watatu. Wananyamaza. Sasa kumbukeni kimya kile tulichokipima sekunde baada ya sekunde, kimya cha Sam asiyeweza kusema anapenda. Ni kimya kilekile, mwili uleule, mabega yaleyale. Mwigizaji wa Sam asitafute mkao mpya wa usaliti. Atumie ule tulioupenda saa mbili zilizopita. Na msisahau ni nani aliyeachwa peke yake: kijana mweusi kati ya wenzake weupe wawili, na yeye mwenyewe analiona hilo.

Kisha dijitali inaingia. Hiki si kipambo. Filamu ya milimita 35 hupita picha 24 kwa sekunde, futi 90 kwa dakika. Filamu ya saa mbili ni zaidi ya kilomita tatu za mkanda, na gurudumu la futi 2,000 huisha kwa dakika 22 hivi. Kwa hiyo lilihitaji mtu chumbani, na mtu huyo alikuwa Rose. Mwaka 2013 kampuni ya Kijapani Fujifilm iliacha kutengeneza mikanda ya kupigia filamu za sinema, na mwanzoni mwa 2014 ikajulikana kwamba Paramount, studio kubwa ya Hollywood, imeacha kupeleka mikanda kwenye majumba ya Marekani. Baker aliandika jambo likiwa linatokea. Waliokua karibu na Majestic ya Zanzibar au Empire ya Dar es Salaam wanajua habari ya mkanda kukatika na ukumbi mzima kupiga mluzi. Fundi wa taa, mashine mpya ikija badilisheni mwali: usipepese tena, uwe mweupe na baridi zaidi. Fundi wa sauti, ondoeni mtatariko wa mashine. Watazamaji hawataambiwa, watasikia kitu kimepungua.

Tumalizie na swali la wenye kumbi. Je, inaweza kufupishwa? Pale New York watu walitoka katikati, na Tim Sanford, aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa Playwrights Horizons, aliwaandikia wanachama wa ukumbi barua kueleza kwa nini aliichagua na kuitetea. Haikukatwa. Mwaka 2015 ilirudi kwenye Barrow Street Theatre, mwaka 2016 ikaenda National Theatre ya London, nayo bado ndefu. Kwa upande wa sheria, tafsiri na onyesho vyote vinahitaji idhini ya wenye haki, na kukata pia. Ombeni kabla ya kuanza mazoezi, si wiki ya tiketi.

Lakini urefu una matayarisho yake. Andikeni muda kwenye tiketi, kwa namba kubwa. Tieni mito kwenye viti kama ni vya plastiki. Mapumziko yawe dakika 15 na choo kiwe na maji. Anzeni saa 12 jioni kamili, bila risala wala mgeni rasmi, ili saa tatu na nusu usiku watu wawe nje na daladala bado zipo. Mkianza saa mbili kama kawaida yetu, wataondoka katikati kwa sababu ya usafiri, nanyi mtadhani wamekimbia kimya.

Haya, maswali. Tuanze na yule dada mwenye daftari.